Juu ya Dawa ya Kupaka Isiyotajwa Mti Wake



Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa tumesimama nje ya kanisa kungoja mnada wa sadaka za shambani, ndizi na mayai na kuku, kama ilivyo desturi yetu. Mama mmoja, jirani yangu, akatoa mfukoni kichupa cha marhamu aliyoipika mwenyewe kwa majani ya mwarobaini na nta ya nyuki, akampaka mtoto wake miguuni penye upele. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima ambaye nampenda kama baba, akamkemea mbele ya watu: "Mama, mambo ya majani tuliyaacha siku tulipobatizwa." Mama yule akafunga kichupa chake, akainamisha uso, asiseme neno.

Juma lile lile niliteremka Moshi kununua chaki na madaftari, nikapitia sokoni. Hapo nikamkuta mzee yule yule amesimama mbele ya mchuuzi mwenye kipaza sauti, ananunua kopo la marhamu nyeusi kwa ajili ya shingo yake inayomwasha. Kopo lile halikuwa na maandishi hata herufi moja. Nikamwamkia, naye akaniitikia vizuri, kisha nikamwuliza, "Baba, imepikwa kwa mti gani hii?" Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, hiyo ni siri ya mwenye dawa."

Tangu siku hiyo sikupata raha mpaka niliposhika kalamu. Sitaki kumwaibisha mzee wetu, maana ninayoyasema yatuhusu sisi sote. Neno langu ni hili: dawa ya kupaka iliyotajwa mti wake, ikapikwa kwa usafi na kupakwa mahali pake, si dhambi wala si ushenzi, lakini ile isiyotajwa mti wake haifai kugusa ngozi ya mtu, ingawa inauzwa na Mkristo, ingawa imesifiwa na mji mzima.

Kwanza nimjibu mzee wangu juu ya majani. Hofu yake ina asili yake, wala siidharau. Wamisionari wa Leipzig walipofika katika mlima huu mwaka 1893, na wale wa Katoliki waliowatangulia huko Kilema, walikuta kwamba mtu akiugua hapewi jani peke yake. Hupewa jani pamoja na masharti, pamoja na tambiko, pamoja na maneno ya kutafuta ni jirani gani aliyemdhuru. Mambo hayo yalifungwa pamoja kama mzigo mmoja wa kuni, na Wakristo wa kwanza waliuona ni salama kuutua mzigo wote. Nani atawalaumu? Lakini tuangalie tulichokifanya. Tulitupa jani pamoja na hirizi, na siri tukabaki nayo. Leo tunaliogopa jani ambalo Mungu alilimea mbele ya macho ya watu wote, na kopo la yule anayeficha alichokitia ndani tunalinunua bila kuuliza. Kama kulikuwa na kitu kimoja cha zamani kilichostahili kutupwa kabla ya vyote, kilikuwa hicho cha kuficha.

Tena, ndugu zangu, tufungue Biblia. Hezekia mfalme alipougua jipu hata akakaribia kufa, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu lile. Fungueni sura ya 38 ya kitabu chake mtaona. Isaya hakusema kwamba ni mti wa siri wa ukoo wake, bali alisema tini, na habari ikaandikwa, na hata sisi wa leo twajua ni tini. Na Msamaria yule alimtia majeruhi mafuta na divai katika jeraha zake, vitu ambavyo kila msafiri alivijua. Sioni mahali ambapo mafuta ya kupaka yalikatazwa kwa sababu yalitoka mtini. Basi, mzee wangu asiposadiki mimi, na asadiki Isaya.

Sasa niseme na wenye makopo, maana kwao ndiko nilikotaka kufika.

Katika darasa langu alikuwako mtoto wa kike, umri wake miaka tisa, mwenye pumu ya ngozi mashavuni na katika mikunjo ya mikono. Mama yake alimnunulia kopo kama lile la mzee. Siku ya tatu ngozi ikawa laini, mwasho ukaisha, na mama akalisifu kopo kwa majirani. Nami, nakiri, nililisifu pia, hata nikamwelekeza mwalimu mwenzangu mahali pa kulinunua. Ikapita miezi minne. Mashavu ya mtoto yakawa mekundu, ngozi ikawa nyembamba hata vishipa vya damu vikaonekana, na kila walipoacha kupaka siku mbili, vipele vililipuka kuliko mwanzo. Mama akamrudia mchuuzi kuuliza ndani ya kopo mna nini. Akaambiwa ni mizizi saba ya porini, urithi wa babu, haitajwi. Daktari wa ngozi alipomwona mtoto hakuuliza habari za babu wala mizizi. Alimtazama mashavu, akasema kwamba dalili hizi azijua, ni za mtu aliyepakwa kwa muda mrefu dawa kali ya hospitali ya jamii ya steroidi, ile ambayo daktari mwenyewe huitoa kwa siku chache na kwa kipimo.

Sikuwa na njia ya kulipima kopo lile, kwa hiyo sitasema zaidi ya alivyosema daktari. Lakini jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 2003 madaktari wa Birmingham katika Uingereza waliandika habari za marhamu 24 zilizouzwa kuwa ni za miti shamba, ambazo wazazi waliwapaka watoto wenye pumu ya ngozi. Walipozipima, 20 kati yake zilikutwa na steroidi, na nyingi zilikuwa na zile zenye nguvu sana. Wazazi wale walikuwa wamezikimbia dawa za hospitali kwa kuogopa ukali wake, na kumbe walikuwa wakiwapaka watoto dawa zile zile, bila kipimo na bila kujua. Kama ndivyo ilivyokuwa katika nchi yenye maabara kila mji, mnadhani sokoni kwetu pana malaika wa kulinda makopo?

Mchuuzi husema, "Dawa ya porini haidhuru, maana ni ya asili." Ndugu, ni nani katika mlima huu asiyeujua mnyaa? Twaupanda kuwa ua kwa sababu mbuzi hawauli. Utomvu wake mweupe hubabua ngozi, ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kuharibu macho. Nao ni wa asili, haukuletwa na meli. Na gugu karoti, lile lililoonekana Arusha mwaka 2010 na kuenea kandokando ya barabara, huwatoa wengine vipele vibaya kwa kuligusa tu. Mtoto akitumwa kuokota majani asiyoyajua aweza kurudi nalo kikapu tele.

Hata mshubiri, ambao kila mtu huusifu, si mmoja. Mtaalamu wa mimea Volkens, Mjerumani, alikaa Marangu kati ya 1892 na 1894 akikusanya mimea ya mlima, na mshubiri mmoja wa huku ulipewa jina lake, Aloe volkensii, nao hurefuka kama mti mdogo. Huo si ule unaopandwa katika vyungu vya maua mjini, ambao majani yake manene yamejaa ute. Na katika nchi za mpakani mwa Kenya na Tanzania umo mwingine uitwao Aloe ballyi, ambao una sumu kali ndani yake. Hata ule mzuri una maji ya manjano chini ya ganda lake, machungu sana, nayo huwasha ngozi za watu wengi; kwa hiyo wenye kuujua hulikata jani, hulisimamisha mpaka manjano yametiririka yote, huliosha, ndipo hulimenya na kutwaa ute mweupe wa ndani. Basi mtu akikuambia kopo lake ni la mshubiri, bado hajakuambia kitu. Mwulize ni mshubiri gani, na maji ya manjano ameyatoaje. Asiyeweza kujibu haijui kazi yake.

Mwarobaini nao umepata jina kwa sababu watu husema watibu maradhi arobaini. Mimi siwezi kushuhudia arobaini. Najua kwamba huko India mwaka 1992 waliandika habari za watu 814 wenye upele wa kuambukiza, ambao walipakwa majani ya mwarobaini yaliyosagwa pamoja na manjano mabichi, na 97 katika kila 100 walipona kati ya siku ya 3 na ya 15. Lilikuwa jaribio la mwanzo tu, wala halitoshi kumfanya mtu apige mbiu. Lakini yatupasa kulisikiliza kwa sababu miti ilitajwa, watu walihesabiwa, na mwingine aweza kulirudia aone kama ni kweli. Hayo hayawezekani kwa mizizi saba ya babu. Na mwarobaini huo huo, mafuta ya mbegu zake yakinyweshwa mtoto mchanga huleta sumu mwilini, ambayo imewapata watoto katika nchi nyingine. Kwa hiyo hata mti mwema wataka kujulikana ni sehemu gani yake inayotumiwa, na kwa njia gani.

Najua jibu la wenye makopo, maana nimelisikia mara nyingi: "Nikitaja mti, kila mtu atapika mwenyewe, nami nitakula nini?" Nitawajibu kwa mfano ambao labda mhariri hataupenda. Katika mlima huu nani asiyejua mbege hupikwa kwa nini? Ndizi, ulezi, na gome la msesewe. Hata watoto wa darasa la tatu wajua. Je, wapika mbege wamekosa wanunuzi? Wanunuzi hupita nyumba kumi wakaifuata ile ya mwanamke mwenye mkono mzuri. (Sisemi kwamba wafanya vema kuifuata, nasema waifuata.) Kinachouzwa ni usafi, na kipimo, na kazi ya kuchuma na kukausha na kuchuja, ambayo wengi wetu ni wavivu kuifanya. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; nami kila nisikiapo kipaza sauti cha dawa nalikumbuka neno hilo.

Tena sheria iko. Tangu mwaka 2002 nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Baraza lake la kuwaandikisha waganga na dawa zao. Muhimbili walianza kuchunguza dawa za miti mwaka 1974, na tangu 1991 chombo hicho ni taasisi kamili. Mwenye urithi wa kweli wa babu anayo mahali pa kuupeleka ukajulikana, na jina la babu likaheshimiwa kuliko kufungwa ndani ya kopo.

Wala tusiende mbali kutafuta mfano. Hapa hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyo chini ya Shirika la Msamaria Mwema, kiko kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho kimewafundisha wahudumu wa afya wa nchi nyingi za Afrika. Huko huko hutengenezwa mafuta ya kuwakinga ndugu zetu wenye ualbino na ukali wa jua, nayo huitwa Kilisun. Hayo si mafuta ya majani. Lakini yametengenezwa chini ya mlima huu kwa mikono ya watu wa huku, kila kilichomo kimepimwa na kuandikwa, na mtumiaji akidhurika daktari aweza kujua kwa nini. Basi mtu asiniambie kwamba uwazi ni jambo la Ulaya lisilowezekana kwetu.

Sasa nimrudie yule mama aliyekemewa, maana nilikwenda kwake nikamwomba anionyeshe kazi yake, naye hakunificha lolote. Majani ya mwarobaini huletewa na dada yake akaaye tambarare, kwa kuwa kwetu juu haustawi. Huyaosha, huyatandaza kivulini mpaka yakauke yakivunjika mkononi. Alinieleza kwamba jani lenye maji ndilo liletalo ukungu ndani ya chupa, na hapo mwanzo alipata hasara nyingi kabla hajalijua hilo. Huyaponda, huyatia katika mafuta ya nazi au ya alizeti, kisha huweka bakuli hilo ndani ya sufuria ya maji ya moto juu ya makaa machache, yasichemke kwa nguvu, muda wa saa mbili. Huchuja kwa kitambaa kilichochemshwa. Katika kila gramu 100 za mafuta hutia gramu 20 za nta iliyokwanguliwa, huiyeyusha humo, humimina katika vichupa vilivyochemshwa na kukaushwa vizuri. Alipimia mizani ya mwanawe afanyaye biashara ya kahawa. Kabla ya kumpaka mtu yeyote humpaka kidogo upande wa ndani wa mkono, hungoja siku mbili aone kama patawasha. Ute wa mshubiri hautii, kwa sababu una maji na huoza baada ya siku chache. Akiutaka hukata jani bichi siku hiyo hiyo. Mimi nilisoma chuo, na nyumbani kwa mama huyu nilijifunza sayansi ya kutosha vipindi viwili.

Nilimwuliza kama marhamu yake huponya kila kitu. Akacheka, akasema, "Mwalimu, hii ni ya ngozi kavu na vipele vidogo. Huyu mtoto nikiona wiki imepita bado anajikuna, nanunua dawa ya upele duka la dawa, tunapaka nyumba nzima usiku mmoja na kufua nguo zote." Jibu hilo lilinipendeza kuliko marhamu yenyewe. Mwenye kujua mpaka wa dawa yake ndiye wa kuaminiwa.

Maana yako mambo ambayo marhamu yoyote, yenye jina au isiyo na jina, haifai kuyagusa. Doa lililofifia rangi na kufa ganzi, ukilichoma kwa ncha ya mwiba husikii, si la kupaka majani. Laweza kuwa ukoma, na ukoma hupona kwa vidonge vitolewavyo bure, lakini kila mwezi wa kuficha waweza kula vidole. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi katika vijiji vyetu tumeuona ulemavu ukiumbua kabla ya kifo. Kitovu cha mtoto mchanga kisipakwe mafuta wala majivu wala samadi, kwa kuwa pepopunda huingia kwa mlango huo. Aliyeungua moto amwagiwe maji safi ya baridi muda wa dakika 20, kisha apelekwe zahanati. Asipakwe marhamu, wala unga, wala dawa ya meno. Na jeraha lisilofunga kwa majuma mawili lipelekwe likatazamwe.

Neno dogo juu ya kuchuma. Msitu wa mlima uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kuchuma humo bila ruhusa ni kosa. Wako wanaopenya usiku kuchuna magome, wakauzunguka mti mzima hata ukafa, kisha wakauza gome kwa jina la dawa ya asili. Ya kutosha tunayo vihambani na katika miti ya tambarare iliyopandwa kwa mikono. Anayeua mti ili kumponya mtu shingo, sijui amwelezaje mjukuu wake.

Basi naomba mambo mawili tu. Wazee wa kanisa wasimkemee mama anayepika dawa yake mchana kweupe na kuitaja. Wamwulize maswali, na kama hana majibu wamfundishe. Na anayeuza marhamu katika viwanja vyetu baada ya ibada, au sokoni kwa watu wetu, abandike karatasi juu ya kopo: jina la mti, sehemu iliyotumiwa, mafuta yaliyotiwa, siku ya kupikwa, na jina lake mwenyewe. Asiyetaka kuandika, tusinunue kwake, ingawa ni shemeji yetu.

Jirani yangu amekwisha kuanza. Wanafunzi wangu wa darasa la sita walimwandikia karatasi hizo kwa mwandiko mzuri, na Jumapili iliyopita vichupa vyake kumi na viwili vilikwisha kabla ya mnada wa kuku. Mzee wetu alikichukua kimoja mkononi, akavaa miwani, akasoma karatasi mara mbili kutoka juu mpaka chini, akakirudisha mezani. Shingo bado yamwasha. Nimemwomba Jumatatu twende naye KCMC, naye amesema atafikiri.